Mzingo ni wa kamba, eneo ni la mkeka

Ukitaka kujua kama mtoto ameelewa mzingo na eneo, usimtake akukaririe kanuni. Mtandikie mkeka ulioshonwa kwa ukili, yaani utepe mrefu wa miyaa iliyosukwa, kisha umwulize: huu umekula pima ngapi za ukili, na pindo lake limekula pima ngapi? Akitembeza kidole kuzunguka ukingo kwa ajili ya pindo, halafu akaanza kuhesabu mistari ya ukili mmoja baada ya mwingine, ameelewa. Akikupa jibu moja kwa maswali yote mawili, bado, hata kama kanuni amezihifadhi zote.

Tuuhesabu mkeka wenyewe. Ni wa kulalia mtu mmoja, urefu mita 2, upana mita 1.2. Pindo linafuata ukingo mpaka lirudi lilikoanzia, kwa hiyo ni 2 + 1.2 + 2 + 1.2, yaani mita 6.4. Pima moja ya mtu mzima, mikono ikinyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, huwa karibu mita 1.8, basi pindo ni pima tatu na nusu na kidogo juu yake. Huo ndio mzingo. Sasa ukili. Chukua ukili wa upana wa sentimita 6. Upana wa mkeka ni sentimita 120, kwa hiyo mistari ni 20, na kila mstari una urefu wa mita 2. Jumla mita 40, au pima 22. Unaweza kufika hapo kwa njia nyingine: eneo la mkeka ni 2 × 1.2, mita za mraba 2.4, ligawe kwa upana wa ukili, 0.06, utapata 40 ileile.

Ukiufumua mkeka wote ukabaki utepe mmoja mrefu, eneo halijaongezeka wala kupungua. Ni mita za mraba 2.4 zilezile, zimenyooshwa tu. Lakini mzingo wa utepe huo umeruka kutoka mita 6.4 hadi zaidi ya mita 80. Mtu akiliona hilo kwa macho yake, hatachanganya tena vitu hivi viwili maisha yake yote.

Mshono nao una haki yake. Kingo zikipandana nusu sentimita, kila mstari unafunika sentimita 5.5 na si 6, na ukili unaohitajika unakuwa 2.4 ÷ 0.055, karibu mita 43.6, pima 24. Aliyeandaa pima 22 ataishiwa mkeka ukiwa umebakiza mistari miwili. Hesabu ya darasani haina mshono. Hesabu ya kazini inao siku zote, uwe wa ukili, wa nguo au wa marumaru.

Kuhusu vipimo nitasema jambo moja tu, kwa kuwa ndilo linaloharibu kazi nyingi. Mzingo ni urefu, unapimwa kwa mita. Eneo linahesabiwa kwa vipande vya mraba, na mita moja ya mraba ni kipande cha mita moja kwa mita moja. Kichore sakafuni kwa mkaa. Ndani yake zinaingia safu 100 za sentimita, kila safu ikiwa na vipande 100, jumla 10,000. Si 100. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kina sentimita za mraba 1,600, na anayegawa kwa 100 anapata mita za mraba 16, ukubwa wa chumba kizima. Jibu sahihi ni 0.16. Dawa yake ni nyepesi: geuza kila kipimo kiwe mita kabla ya kuzidisha, sio baada ya kuzidisha. Na futi ukizikuta kwenye karatasi ya zamani, usizichanganye na mita kwenye mstari mmoja wa hesabu.

Sasa chukua kamba ya katani, ambayo kwetu Tanga haikosekani, ikate mita 40 na uifunge iwe pete. Chomeka vigingi vinne uwanjani. Ukiisimamisha 10 kwa 10, ndani pana mita za mraba 100. Ukivuta vigingi iwe 12 kwa 8, zimebaki 96. Iwe 15 kwa 5, ni 75. Iwe 19 kwa 1, umebaki na uchochoro wa mita za mraba 19, na kamba ni ileile, haijakatwa hata kidole. Kwa hiyo mtu akikwambia uwanja wake “unazunguka mita 40”, hajakwambia ukubwa wake. Amekwambia bei ya uzio tu.

Hilo wengi hulikubali haraka. Linalowashinda ni hili linalofuata, nami naliona kuwa ndilo kiini cha somo zima. Chukua fito nne za mita moja moja, ziunganishe ziwe mraba, kila kona kwa msumari mmoja. Eneo la ndani ni mita moja ya mraba. Shika fito ya chini isitoke mahali pake, isukume ile ya juu iende pembeni. Umbo linalala. Fito hazijafupika, mzingo bado ni mita 4, pande zote bado zinalingana. Ila kimo, yaani umbali wa kusimama wima kutoka fito ya chini hadi ya juu, kimeshuka. Kikifika sentimita 80, eneo ni 0.8. Kikifika 50, eneo ni 0.5. Endelea kusukuma mpaka fito zilaliane, eneo limekwisha kabisa, mzingo ni mita 4 palepale. Ndiyo maana eneo la msambamba ni kitako mara kimo, wala si upande mara upande. Pande nne peke yake hazitoshi kukwambia eneo, hata ukizijua kila moja hadi milimita.

Halafu pigilia fito ya tano kona kwa kona. Umbo limeganda. Ulichokifanya ni kuligawa kuwa pembetatu mbili, na pembetatu ikishajulikana pande zake tatu haina pa kuegemea. Seremala anaweka mbao ya mshazari kwenye mlango kwa sababu hiyohiyo. Weka jambo hili akilini, tutalirudia tukifika kwenye viwanja.

Kwenye chumba, mzingo na eneo hukutana kwenye mfuko mmoja wa mwenye nyumba. Chumba cha mita 3.6 kwa 4.2 kina eneo la mita za mraba 15.12 na mzingo wa mita 15.6. Namba zinakaribiana, na ndipo mtu anapojidanganya kuwa ni kitu kimoja. Sakafu inakula eneo. Skating, yaani ukanda wa vigae chini ya ukuta, inakula mzingo, ukitoa mlango: 15.6 − 0.9, mita 14.7.

Marumaru za sentimita 60 kwa 60 zinaonekana kuingia bila kukata: 6 upande mmoja, 7 upande wa pili, jumla 42. Lakini kati ya kigae na kigae kuna nafasi ya grauti. Ikiwa milimita 3, vigae 7 vyenye nafasi 6 kati yake vinachukua mita 4.218, na chumba kina 4.2. Mstari wa mwisho lazima ukatwe karibu sentimita 2, na fundi asiyelijua hilo mapema atajikuta anakata mstari wote unaoonekana mlangoni. Bora akate pande mbili za kuta, sentimita moja moja, kazi ipendeze. Skating ya kimo cha sentimita 10 ukiikata kutoka vigae vilevile, kila kigae kinatoa vipande vitano kamili. Cha sita hupungua kwa sababu msumeno unakula milimita chache kila unapopita. Mita 14.7 gawa kwa 0.6 ni 24.5, chukua 25, gawa kwa tano, vigae 5. Jumla 47. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukosea, unafika karibu 52, na kama boksi lina vigae vinne, agiza maboksi 13. Ongezeko hilo si ubadhirifu. Ukirudi dukani baada ya mwezi, rangi ya toleo jipya inaweza isifanane na ya kwanza.

Pima baada ya lipu, usipime tofali tupu. Lipu ya sentimita 2 kila ukuta inakipunguza chumba sentimita 4 kila upande. Pia pima kuta zote nne, usipime mbili ukadhani zile nyingine zinafanana nazo, kisha pima kona kwa kona mara mbili. Chumba hiki kikiwa skwea, yaani kila kona ni pembemraba, kila ulalo utasoma mita 5.53. Mmoja ukisoma 5.60 na mwingine 5.46, chumba kimelala kama zile fito, na vigae vitaonyesha kabari ukutani. Kupata skwea tangu msingi, mafundi wanatumia tatu, nne, tano: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya alama mbili lazima pawe mita 5 kamili. Kwenye nyumba kubwa tumia 6, 8 na 10, maana kosa la sentimita moja kwenye kipimo kirefu linapotosha kona kwa kiasi kidogo kuliko kwenye kifupi.

Sebule yenye umbo la herufi L haihitaji kanuni mpya. Igawe mistatili miwili ujumlishe. Ila angalia hapa: ukikata kona ya mita 2 kwa 2 kutoka kwenye mstatili wa 6 kwa 5, eneo linashuka kutoka 30 hadi 26, lakini mzingo unabaki 22 vilevile. Kona iliyoingia ndani imerudisha kwa upande mmoja kila ilichochukua kwa upande mwingine. Wanaouza skating kwa mita hawatakupunguzia chochote.

Mji wenye jina la tanga hauwezi kupita bila kulipima tanga lenyewe. La ngalawa ni pembetatu. Tuseme upande unaofungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, una mita 6. Kutoka kwenye foromali kwenda hadi kona inayofungwa demani, ile kamba ya kulivutia tanga, ukinyoosha kamba ikatize foromali kwa pembemraba, unapata mita 4. Eneo ni nusu ya 6 × 4, mita za mraba 12. Kwa nini nusu? Kwa sababu ile kamba ya kimo imeligawa tanga pembetatu mbili zenye pembemraba, na kila moja ni nusu ya mstatili wake. Chora mistatili hiyo mchangani ukatie mshazari, utaona nusu ya pili imekaa nje ya tanga, sawasawa na ya ndani.

Kosa la kawaida ni kuchukua upande badala ya kimo. Ikiwa mguu wa kimo unaangukia mita 2 kutoka ncha moja ya foromali, pande nyingine mbili za tanga ni karibu mita 4.47 na 5.66. Mtu akizidisha nusu ya 6 kwa 5.66 anapata karibu 17, na kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 90 amenunua mita tano na nusu asizozihitaji. Kimo kinasimama wima juu ya kitako. Kisiposimama wima si kimo, ni upande. Na kamba inayoshonewa kuzunguka tanga lisichanike pembeni? Hiyo ni mzingo: 6 + 4.47 + 5.66, mita 16.13, bila kuhesabu vitanzi vya kona.

Duara watu huliogopa bure kwa sababu ya pai. Chukua uzi, uzungushe sufuria mara moja, uukate. Upime, kisha upime kipenyo, yaani kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Gawa wa kwanza kwa wa pili. Iwe sufuria ya chai, ndoo au pipa, jibu linaangukia karibu 3.14, na kwa hesabu za mkono 22/7 inatosha. Hiyo ndiyo pai, hakuna siri nyingine. Mzingo wa duara ni pai mara kipenyo.

Eneo lake linaonekana vizuri kwenye mkate wa kumimina. Uoke kwenye sufuria ya kipenyo cha sentimita 24, uukate vipande 16 kutoka katikati. Vipange kwenye sinia, kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini, vibanane. Vinajipanga karibu kama mstatili wenye kingo za mawimbi. Kimo cha mstatili huo ni nusu kipenyo, sentimita 12. Urefu wake ni nusu ya mzingo wa mkate, kwa sababu maganda 8 yako juu na 8 yako chini: karibu sentimita 37.7. Zidisha, unapata sentimita za mraba 452. Ukikata vipande 32 mawimbi yanapungua, ukikata 64 ni kama mstari. Kanuni ya pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo imetoka hapo sinia mbele yako.

Mwenye kuuza mkate afanye hesabu moja zaidi. Sufuria ya sentimita 30 ina kipenyo kilichozidi cha 24 kwa robo tu, lakini eneo lake ni 707. Limezidi kwa zaidi ya nusu. Kwa unene uleule, anayeongeza bei kwa robo anatoa unga bure kila siku. Kosa linalouma kuliko yote kwenye duara ni kuweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo: mzingo unakosewa mara mbili, eneo mara nne. Duara la katikati ya uwanja wa mpira, pale Mkwakwani na kwingineko, sheria za mpira zinalitaka liwe na nusu kipenyo cha mita 9.15. Kigingi katikati, kamba ya 9.15, unazunguka na chokaa, na mstari utakaouchora ni mita 57.5. Mtu akiisoma 9.15 kama kipenyo, duara lake linakuwa robo ya linalotakiwa.

Sasa viwanja na mashamba, ambako hesabu hii inageuka fedha na wakati mwingine ugomvi wa ndugu. Ukishatoka kwenye barabara zenye namba za Ngamiani, zilizokatana kama karatasi ya grafu, ukaenda pembezoni mwa mji ambako mpaka ni mnazi, mfereji na jiwe, kiwanja chenye kona nne za skwea ni nadra.

Anza na ekari. Kila mtu anasema sabini kwa sabini. Sabini nini? Ekari ni yadi za mraba 4,840, na kipeuo cha pili chake ni 69.57. Kwa hiyo sabini kwa sabini ni kweli kabisa kwa hatua ndefu, hatua ya yadi, ambayo ni sentimita 91 na kitu. Kwa mita, ekari ni 4,047 za mraba, na mraba wake una upande wa mita 63.6. Sabini kwa sabini kwa mita ni 4,900. Zimezidi mita za mraba 853, viwanja viwili vya 20 kwa 20 na chenji. Kwa upande mwingine, hatua 70 za mtu anayepiga sentimita 75 zinatoa mita 52.5, na mraba wake ni kama 2,756, theluthi mbili tu za ekari. Muuzaji wa hatua fupi si lazima awe mwizi. Miguu yake ndiyo ilivyo. Ndiyo maana kabla ya kupima kwa hatua, tembea mwendo wako wa kawaida mita 100 zilizopimwa kwa futi kamba, hesabu hatua, ugawe. Rudia mara tatu uchukue wastani. Hapo hatua yako imekuwa kipimo.

Na nusu ekari si 35 kwa 35. Hiyo ni robo. Ukigawa urefu kwa mbili na upana kwa mbili, eneo umeligawa kwa nne. Nusu ekari ni hatua za yadi 70 kwa 35, au mraba wa karibu mita 45 kwa 45. Watu wamelipa fedha ya nusu wakapewa robo, na pande zote mbili ziliamini zimetendeana haki.

Mkulima wa mkonge anahitaji ekari ya kweli kwa sababu ya miche. Ukipanda safu pacha, mita 1 kati ya safu mbili, mita 4 za njia, na sentimita 80 kati ya mche na mche, kila kipande cha mita 5 kwa 0.8 kinabeba miche miwili. Mche mmoja ni mita 2 za mraba. Hekta inachukua 5,000, ekari ya 4,047 inachukua karibu 2,020, na “ekari” ya mita 70 kwa 70 inameza 2,450. Aliyeagiza kwa hesabu ya ekari akapanda kwenye hiyo ya pili, anabaki na kipande kitupu mwishoni na lori limekwisha ondoka.

Kiwanja cha pande nne zisizolingana, tuseme 26, 28, 25 na 25 kwa mfuatano, watu wengi wanakipima hivi: wastani wa 26 na 25 ni 25.5, wastani wa 28 na 25 ni 26.5, zidisha, 675.75. Njia hii ni ya kale sana, hata kwenye kuta za hekalu la Edfu huko Misri imeandikwa. Ubaya wake ni kwamba haikosei ovyo, inakosea upande mmoja tu: siku zote inaongeza, isipokuwa kiwanja kiwe mstatili kamili. Mnunuzi ndiye anayelipia nyongeza hiyo. Sababu tuliiona kwenye fito: pande nne hazijui zimelala kiasi gani.

Basi piga fito ya tano. Pima ulalo kutoka kona ya kwanza, pale upande wa 26 na wa mwisho wa 25 vinapokutana, hadi kona ya tatu. Tuseme ni mita 30. Sasa una pembetatu mbili, na kwa pembetatu iliyojulikana pande zote tatu kuna kanuni ya Heron wa Aleksandria, wa karne ya kwanza, isiyohitaji kimo. Chukua nusu ya mzingo. Toa kila upande humo, mmoja mmoja. Zidisha nusu hiyo na mabaki matatu, utoe kipeuo cha pili.

Pembetatu ya kwanza: 26, 28, 30. Nusu ya mzingo ni 42. Mabaki ni 16, 14 na 12. 42 × 16 × 14 × 12 = 112,896. Kipeuo chake ni 336.

Ya pili: 25, 25, 30. Nusu ya mzingo ni 40. Mabaki ni 15, 15 na 10. 40 × 15 × 15 × 10 = 90,000. Kipeuo chake ni 300.

Kiwanja ni mita za mraba 636. Ile njia ya wastani ilikuwa imekiongezea karibu 40, ukubwa wa vyumba viwili na ukumbi. Kwa simu yenye kikokotoo, kazi yote ni dakika tatu, nami nalipenda jambo moja kwenye kanuni hii: hapa pande peke yake zinakubali kuzaa eneo, na zinakubali kwa sababu pembetatu haiwezi kulala.

Uzio wa kiwanja hicho ni mita 104. Nguzo kila mita 2 zingekuwa 52, lakini kila kona inadai nguzo yake, na mita 25 haigawanyiki kwa 2. Upande wa 26 una nafasi 13, wa 28 una 14, na kila wa 25 uuwekee 13 za sentimita 192. Jumla 53. Uzio unaozunguka ukafunga una nguzo sawa na nafasi. Uzio ulionyooka upande mmoja unahitaji nguzo moja zaidi ya nafasi. Waya mistari mitatu ni mita 312, ongeza ya kufungia kila kona.

Kipimo chenyewe kiwe cha kuaminika. Kamba ya katani ikilowa umande inafupika, ya nailoni ikivutwa inarefuka, kwa hiyo tumia futi kamba ya mita 30 au 50, na uangalie sifuri yake iko wapi: kwenye nyingine ni ncha ya kulabu, kwenye nyingine ni mstari uliochorwa ndani. Isipande juu ya kichuguu wala kulegea kati. Kwenye mteremko, kama wa Amani au Lushoto, ishike ikiwa mlalo, ushushe timazi, uende kwa vipande vifupi. Eneo la kiwanja huhesabiwa kwa bapa, sio kwa mgongo wa kilima. Na kama kona moja imeingia ndani, chagua ulalo unaopita ndani ya kiwanja, usitumie unaopita kwa jirani.

Mwisho pima ulalo wa pili, ingawa hesabu hauuhitaji. Kwenye kiwanja hiki utasoma mita 42.44. Pembetatu zake mbili ni nyingine kabisa, 26, 25, 42.44 na 28, 25, 42.44, lakini zitakupa karibu 300 na 336, jumla ileile 636. Zikitofautiana kwa zaidi ya mita moja au mbili za mraba, kuna upande umesomwa vibaya, rudini na futi kamba kabla hamjaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwenye karatasi ya mauziano msiandike eneo peke yake. Andikeni pande zote nne kwa mfuatano, ulalo zote mbili, na kila kona imeanzia wapi.